Huduma ya "ramani mpaka kibali" kwa nyumba ya wapangaji iliyokaa tupu, Kigoma mjini: inafaa wapi, haifai wapi

Ofisi za ramani mjini Kigoma huuza kazi tatu kwa bei moja: kupima nyumba na kuchora ramani, kupeleka maombi manispaa, na kufuatilia mpaka kibali kitoke. Hapa tunaipima huduma hiyo kwa aina moja tu ya jengo, yaani nyumba ya familia nyingi iliyo ndani ya mtaa wa makazi na haijakaa wapangaji mwaka mmoja, miwili au zaidi. Inaweza kuwa ya korido na vyumba sita au nane, au ile ya chumba na sebule zilizopangwa mstari mmoja uani. Majina ya ofisi hatutaji, kwa sababu kazi hupendeza au huharibika kwa yule anayeshika faili lako, si kwa bango la mlangoni.

Msimamo wetu ni huu. Lipa pesa nzuri kwa anayesoma faili la kiwanja kabla hajashika rula. Lipa pesa ya wastani kwa michoro. Kwa "kufuatilia" lipa kidogo sana, au usilipe kabisa. Ofisi nyingi hupanga bei zao kinyume cha hapo: ramani ndiyo ghali, ufuatiliaji unafuata, na usomaji wa faili haumo hata kwenye karatasi ya bei. Ndiyo maana nyumba nyingi tupu hutengenezewa ramani nzuri zisizopata kibali.

Usomaji wa faili huanzia kwenye hati, ofa au leseni ya makazi. Kinachotafutwa kwanza ni matumizi ya kiwanja. Kwenye hati nyingi matumizi hayakuandikwa kwa maneno ya kawaida. Yameandikwa kwa herufi ya kundi na herufi ya daraja, na maana ya herufi hizo imo kwenye kanuni za makundi ya matumizi chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007. Mchoraji asiyeweza kukuonyesha herufi hizo na kukueleza maana yake hajasoma hati yako. Cha pili ni mchoro wa mipango miji wa eneo hilo, unaotunzwa na ofisi ya mipango miji ya halmashauri. Hati ikisema makazi na mchoro ukaonyesha kipande cha kiwanja kimeingia kwenye barabara au mfereji, tatizo hilo linamalizwa kabla ya ramani. Cha tatu ni bikoni. Nyumba ikikaa tupu, majirani husogeza uzio, na jiwe la mpaka hufukiwa au hung'olewa. Mtu anayepima nyumba kutoka ukuta hadi uzio bila kutafuta bikoni atakuchorea kiwanja cha jirani.

Swali linaloulizwa zaidi ni kama kupangisha vyumba kwa mwezi kunahitaji kubadili matumizi. Kwenye kiwanja cha makazi, familia zinazolala, kupika na kuishi pale bado ni makazi, ziwe moja au sita. Kinachobadili matumizi ni shughuli: gesti inayouza kitanda kwa usiku, baa, shule ya watoto wadogo, ghala. Kigoma ghala ndilo linalowanasa wengi. Nyumba ikishakuwa tupu, anakuja mfanyabiashara wa dagaa au wa mafuta ya mawese, anachukua vyumba vyote kwa mkupuo na kulipa miezi kumi na miwili. Mwenye nyumba anafurahi. Kumbe kiwanja kimeshatoka kwenye makazi bila ruhusa, majirani wana haki ya kulalamika kwa harufu na malori, na siku ya kuomba kibali cha ukarabati mkaguzi atakuta mapipa sebuleni. Ofisi nzuri hukuuliza nani amekuwa akitumia nyumba hiyo tangu wapangaji wahame, hata kama ni "kuhifadhi tu".

Neno kwa wanaosoma habari za Marekani mtandaoni na kuingiwa hofu. Huko miji mingi ina maeneo yaliyotengwa kwa nyumba za familia moja. Nyumba ya familia nyingi iliyotangulia kanuni hiyo huachwa iendelee, lakini ikikaa tupu kwa muda uliotajwa na mji husika, mara nyingi miezi 6 au 12, haki ile hupotea na jengo hulazimika kurudi kuwa la familia moja. Usikubali mtu akuuzie "kibali cha kuhuisha haki ya wapangaji" kwa hoja hiyo. Hapa kwetu kinachomponza mwenye nyumba ni madeni na uchakavu. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 kinahusu ardhi iliyotelekezwa, na miongoni mwa dalili zake ni kodi kutolipwa kwa miaka isiyopungua miwili, na jengo kuachwa likaharibika hadi likawa hatari kwa walio karibu. Dalili hizo mbili ndizo nyumba tupu huzizaa zenyewe mwenye nyumba akiwa Dar es Salaam.

Kwa hiyo hesabu ya madeni ni sehemu ya huduma, na tunashangaa ni ofisi chache kiasi gani zinaifanya. Yako madeni mawili watu huyachanganya. Kodi ya pango la ardhi hulipwa kila mwaka kwa namba ya malipo ya serikali, na ikichelewa inaongezewa tozo. Risiti yake ya mwaka huu ni karatasi ya lazima kwenye maombi. Kodi ya majengo ni nyingine, na tangu Julai 2021 hukatwa kupitia LUKU. Tangu Julai 2023 kiwango chake ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kwa ghorofa lililo ndani ya manispaa ni shilingi 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Nyumba tupu hainunui umeme, lakini deni linaendelea kuhesabiwa. Miezi 24 ya nyumba ya kawaida ni shilingi 36,000, na ya ghorofa la sakafu mbili ni shilingi 360,000, zinazokusubiri siku ya kwanza utakapoweka pesa kwenye mita.

Hapo panakuja mita zenyewe. Nyumba ya wapangaji mara nyingi ina mita mbili au tatu. Kodi ya majengo inatakiwa kukatwa kwenye mita moja kwa jengo moja, kwa hiyo orodhesha namba za mita zote mapema na uombe zile za ziada ziondolewe kwenye makato. Halafu angalia tarehe ya mwisho ya kununua umeme. Mita zote za LUKU zilitakiwa kuhuishwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024: mteja aliponunua umeme alipewa namba za ziada za tarakimu 20 za kuingiza kwanza kwa mfuatano. Nyumba iliyokuwa tupu wakati huo haikununua, hivyo haikuingiza chochote, na mita isiyohuishwa haipokei tena umeme. Dawa yake ni kwenda TANESCO na namba ya mita kabla hujampa fundi tarehe ya kuanza. Bila umeme hakuna kuchomelea grili wala kuendesha pampu, na siku za kibarua zinateketea.

Nyumba nyingi tupu ni za mirathi. Ofisi ya ramani isiyouliza "mwenye jina kwenye hati yupo?" inakupotezea miezi. Kama amefariki, anayeomba kibali ni msimamizi wa mirathi, na lazima awe na uteuzi wa mahakama. Kwenye Mahakama ya Mwanzo mlolongo wa fomu ni huu: Fomu Na. 1 ya kuomba, Fomu Na. 4 ya uteuzi, Fomu Na. 5 ya orodha ya mali ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, kisha Fomu Na. 6 ya hesabu. Muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake haumfanyi mtu kuwa msimamizi. Ukishapata Fomu Na. 4, jina la msimamizi linasajiliwa kwenye hati kwa Msajili wa Hati. Zamani shughuli hiyo iliwapeleka watu wa Kigoma mpaka Tabora yalikokuwa makao ya kanda. Tangu 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi. Kaka mmoja akiomba kibali kwa jina lake huku hati ikiwa ya marehemu baba, ombi linarudishwa, na ada ya kufuatilia uliyolipa haikurudii.

Sasa michoro, na hapa ndipo tuna mengi ya kusema.

Ramani ya kununua tayari kutoka kwenye simu haifai kwa nyumba iliyopo. Kinachotakiwa ni mchoro wa jengo lilivyo leo, na juu yake mchoro wa litakavyokuwa, vyote vikiwa na vipimo vilivyochukuliwa pale pale. Kwa nyumba ya korido yenye vyumba vinane, mpango unaopendwa siku hizi ni kuigawa kuwa makazi manne ya chumba na sebule, kila moja na jiko na choo chake. Kwenye karatasi ni rahisi. Kwenye jengo mambo matatu hukwama.

La kwanza ni kuta. Ukuta wa korido kwenye nyumba hizi mara nyingi ndio umebeba kenchi za paa. Ukitoboa mlango mpya bila lenta, yaani boriti inayobeba uzito juu ya tundu, bati litashuka na ukuta utapasuka kuanzia pembe ya mlango. Mchoro mzuri unaonyesha ukuta upi unabeba na lenta ya kila tundu jipya, na urefu wa lenta unazidi upana wa tundu angalau sentimita 15 kila upande. Nyumba za zamani za Ujiji, zile za Kitongoni na Kasingirima zenye tofali za udongo mbichi, hazipendi kutobolewa ovyo. Kwa hizo mwite mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, hata kama ni sakafu moja. Kwa ghorofa, michoro ya nondo na mihimili yenye muhuri wa mhandisi ni lazima, hilo halina mjadala.

La pili ni paa. Nyumba iliyokaa tupu haina mtu wa kusikia mchwa. Kabla ya kuchora, fundi apande darini na bisibisi, achome kila kenchi mahali inapokalia ukuta. Bisibisi ikizama, mbao hiyo imekwisha. Ofisi inayopima sakafu tu na kuandika "paa: kubaki kama lilivyo" bila kupanda juu inakuandalia gharama ambayo haimo kwenye makadirio.

La tatu, ambalo hurudisha maombi mengi, ni maji machafu. Nyumba ile ilikuwa na choo kimoja cha shimo uani. Hesabu: vyumba vinane, watu wawili au watatu kwa chumba, unafika watu 20. Kipimo cha Sphere, mwongozo wa kimataifa wa misaada ya dharura, ambacho mashirika ya wakimbizi hukitumia kwenye kambi kama Nyarugusu, ni watu wasiozidi 20 kwa tundu moja la choo. Yaani nyumba ile ilikuwa ukingoni mwa kipimo cha kambi hata kabla ya kuigawa. Ukiweka vyoo vinne vya kuflashi, shimo la zamani halifai tena. Unahitaji karo, yaani tanki la maji machafu la chini ya ardhi, na shimo la kunyonyea. Hesabu ya karo ni ya darasa la saba: watu 20 kwa lita 80 kwa siku ni lita 1,600, yakae siku mbili, lita 3,200, tope lita 40 kwa mtu kwa mwaka kwa miaka mitatu, lita 2,400. Jumla lita 5,600. Karo la urefu wa mita 3, upana mita 1.5 na kina cha maji mita 1.3 linatosha. Muulize mchoraji alipataje ukubwa wa karo. Akijibu "huwa tunaweka hivi", mrudishe kwenye hesabu.

Mahali pa karo pia pana maneno. Eneo la Mwanga na sehemu nyingi za mji ziko kwenye mteremko, na shimo la kunyonyea likiwekwa pembeni kwa chini, maji yatatokeza kwenye msingi wa jirani mvua za Machi zikikolea. Liweke mbali na mpaka wa chini, na lisikaribie kisima chochote kwa chini ya mita 30. Gari la kunyonya nalo lazima lifike. Tumeona michoro mingi yenye karo nyuma ya nyumba huku kichochoro kikipitisha pikipiki tu.

Kwa walio karibu na ziwa, Kibirizi, Katonga na ufukwe wa Ujiji, swali la kwanza kabisa ni umbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ziwa lilipopanda 2020 na 2021, nyumba kadhaa za wapangaji zilihamwa, na maji yakishuka wenye nyumba hutaka kuzirudishia watu. Pima mita 60 kwa utepe kabla ya kulipa mtu yeyote. Ikiwa nyumba imo ndani, ofisi ya kweli inakuambia hapo hapo na haichukui pesa ya ramani.

Upelekaji wa maombi ndio sehemu nyepesi. Vibali vya ujenzi vinaombwa mtandaoni kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, mwombaji akiwa na namba ya NIDA, nakala ya hati, risiti za kodi na michoro iliyogeuzwa kuwa faili. Fungua akaunti kwa jina lako na namba yako ya simu. Hili tunalisisitiza kwa moyo wote: ofisi ikifungua akaunti kwa namba yake, taarifa za marekebisho na namba za malipo zinaenda kwake, na wewe unabaki kuuliza. Ukiwa na akaunti yako, unaona ombi limekwama kwa nani, na ile ada ya kufuatilia inakosa kazi. Manispaa hutofautisha ukarabati na ujenzi mpya. Taja kazi yako ilivyo, kwa sababu anayeomba ukarabati kisha akapandisha kuta hadi lenta huwekewa alama ya kusimamisha ujenzi, na kuiondoa ni taabu kuliko kuomba upya.

Kama kweli unataka kubadili matumizi, tuseme kutoka makazi kuwa makazi na biashara ili vyumba vya mbele viwe maduka, hiyo ni safari nyingine na hapo mtaalamu anastahili malipo yake. Kuna barua ya maombi, tangazo la kuwajulisha majirani, maoni ya mtaa, ukaguzi wa afisa mipango miji, Kamati ya Mipango Miji, kisha idhini ya juu na hati kurekebishwa. Mtumie mpangaji miji aliyesajiliwa na bodi ya taaluma yake, umwombe namba ya usajili. Kinachoangusha maombi mengi ni hoja dhaifu: hakuna maegesho, mlango wa duka unafungukia barabara ya mita chache, choo cha wateja hakipo. Ukifanikiwa, kodi ya pango la ardhi nayo itapanda, kwa hiyo iweke kwenye hesabu ya kodi ya duka kabla ya kushangilia.

Wengine wanataka kuuza kila kipande kwa mtu wake. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, Na. 16 ya 2008, inaruhusu hati ya sehemu, na inataka michoro ya sehemu na utaratibu wa pamoja wa kutunza paa, ngazi na karo. Kwa nyumba ya korido hatuishauri. Kuta ni nyembamba, paa ni moja, na ugomvi utakuwa wa kila masika.

Mita za ziada: mfumo wa NIKONEKT wa TANESCO unapokea maombi mtandaoni, fundi wa nyaya awe na leseni ya EWURA, na bei iliyowekwa Januari 2022 kwa mjini, njia moja, ndani ya mita 30 bila nguzo, ni shilingi 320,960 kwa mita. Makazi manne ni mita nne. Maji huombwa KUWASA, mamlaka ya maji ya Kigoma, na deni la mpangaji aliyehama huwa bado liko kwenye akaunti.

Tabora mambo ni yale yale isipokuwa mawili. Ardhi ni tambarare, na penye udongo wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi, shimo la kunyonyea hujaa masika yote, kwa hiyo linahitaji eneo kubwa zaidi. La pili, majengo ya katikati ya mji yenye duka chini na makazi juu: mengi ya aina hiyo nchini yalichukuliwa na serikali kwa sheria ya 1971, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na tangu 1990 yako Shirika la Nyumba la Taifa. Ukiuziwa au kukabidhiwa ghorofa tupu pale, fanya upekuzi rasmi wa hati kwa Msajili wa Hati kwanza.

Alama zetu kwa huduma hii kama inavyouzwa kwa kawaida: usomaji wa faili 2 kati ya 5, kwa kuwa haufanywi hadi uuombe. Michoro 3, ikipanda hadi 4 kwa wenye mhandisi wao. Kupeleka maombi 4. Kufuatilia 1.

Ukiamua kulipia, andikishaneni kwa mafungu. Fungu la kwanza, dogo, liwe la upekuzi: nakala ya mchoro wa mipango miji, herufi za matumizi, orodha ya madeni na namba za mita, bikoni zilizoonekana, umbali wa ziwa. Likionyesha kwamba haiwezekani, mnaishia hapo. Fungu la pili lilipwe michoro ikikamilika ikiwa na mihuri. La tatu lilipwe kibali kikitoka kwenye akaunti yako. Dai pia faili la mchoro lenyewe, lile linaloweza kurekebishwa, maana manispaa ikirudisha ombi kwa kosa la karo au lenta, asiye na faili hilo hulipishwa ramani mara ya pili.